Orodha ya Ijumaa

Kuna wakati kazi yangu ya mwisho ya wiki ilikuwa kubandika karatasi. Kila Ijumaa, kengele ya saa sita ikishalia, nilitoka kwenye chumba cha mipira, ambacho ndicho kilikuwa ofisi yangu, nikavuka ua wa koleji mpaka kwenye valve. Valve ni ubao wa matangazo kwenye ukuta wa sekretarieti. Pale hubandikwa matokeo ya mitihani, majina ya waliofukuzwa, na wakati ule, orodha zangu: mpira wa miguu, voliboli, basketi, handiboli, na wakimbiaji. Mtu mmoja, michezo mitano, wavulana na wasichana. Wanafunzi walinisubiri pale wakijifanya wanaongea mambo mengine.

“Kocha, leo niko ndani?”

“Soma. Kusoma njo kazi yenyewe imekuleta hapa.”

Orodha ya timu hapa Kindu haikuwa majina tu. Kila koleji iliwashuku wenzake kwamba wanachezesha watu wa kuazima, wanaume wazima waliovalishwa sare ya shule. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kabla ya mechi kila mmoja ataweka orodha yake hadharani: jina la mchezaji, mwaka wa kuzaliwa, darasa, komini na avenyu, yaani kata na mtaa, anakokaa. Mpinzani ana haki ya kuja, kusoma, kunakili, na akiwa na shaka aende kwenye hiyo avenyu kuuliza majirani. Nimewahi kumwona kocha mmoja akikaa mlangoni kwa bibi kizee tangu asubuhi, mpaka bibi akachoka na kukiri kwamba mjukuu wake wa darasa la nne ana wake wawili.

Niliupenda utaratibu huo kwa sababu mimi ni mtu wa kuulizauliza. Hata nilizidisha. Niliongeza urefu wa kila mchezaji, na kwa wakimbiaji niliandika mbio zao. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu kujua.

Shule niliiacha Kalima nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye machimbo ya bati na angeweza kunisomesha. Niliacha kwa sababu kuna lori lilikuwa linaondoka kwenda Kampene, na mimi sikuwa nimewahi kuiona Kampene. Nilipoiona nilitaka kuona kilicho mbele yake. Nimeosha mchanga wa dhahabu, nimepakia magunia kwenye treni, nimeuza sindano na viberiti kwa baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji. Kitu kimoja nilichotoka nacho Kalima ni sanduku la vitabu vya sheria za michezo, vya Kifaransa, vilivyoachwa kwenye klabu ya wazungu wa machimbo walipoondoka. Nilivisoma kwa msaada wa kamusi iliyokuwa imepoteza kurasa zake za mwanzo mpaka herufi D. Mpaka leo maneno ya Kifaransa yanayoanza na A, B na C nayakisia.

Nilifika Kindu vita vikiwa vimeshaanza kuhamisha watu. Jioni moja nilisimama pembeni ya uwanja wa koleji nikitazama handiboli, nikasema kwa sauti kwamba lile goli si halali, mrushaji amekanyaga mstari. Mkuu wa koleji, ambaye kwetu huitwa prefe, alikuwa karibu yangu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti hata kwenye joto.

“Wewe ni nani?”

“Mpita njia, Prefe.”

“Mpita njia iko na diplome?”

“Hapana.”

“Mwalimu wangu wa michezo alikuwa nayo. Amekimbia jana na familia yake, na diplome amebeba. Wewe utakimbia lini?”

“Sijapanga.”

“Basi anza kesho.”

Ndivyo nilivyopata kazi ambayo sikustahili kwa karatasi. Nadhani nilidumu nayo kwa sababu kila siku ilikuwa na kitu kipya cha kujua.

Mji ulishikwa na wanajeshi waliotoka mashariki. Msitu unaouzunguka ulishikwa na wapiganaji wengine waliowachukia hao wa mjini. Katikati tulikuwa sisi. Treni ilisimama, malori yakasimama, chumvi ikawa kitu cha kuhesabu punje. Lakini wanafunzi waliobaki walikuja uwanjani, wengine hawajala, nami niliwachezesha. Wakimbiaji niliwapeleka kwenye reli kwa kuwa hakuna treni ingepita. Nilipima kwa kamba nafasi kati ya taruma na taruma, yale mapande ya chuma yanayoshika reli, nikajua mataruma mangapi hufanya mita mia nne. Nilikuwa na kronometa, saa ndogo ya kupimia mbio, aliyoiacha padri mmoja. Majirani walitoka kututazama tukihesabu vyuma kwa sauti, wakasema vita vimeshatuingia kichwani.

Katika wanafunzi hao alikuwepo kipa wangu. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kuliko mlango wa darasa lake, na viganja ambavyo alipoushika mpira uligeuka chungwa. Kabla ya mechi aliugusa mwamba wa juu wa goli akasema nao. Aliuita shemeji.

“Shemeji, leo usiniangushe. Dada yako anatazama.”

Wanafunzi walikuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama mechi.

Wakubwa wa mji waliandaa mashindano ya timu za watu wazima ili watu waone mambo yametulia. Koleji iliruhusiwa kuingia kwa sharti moja, kila mchezaji awe ametimiza miaka kumi na minane. Wengine wangu wote walifaa, maana vita vilikuwa vimewachelewesha shule. Kipa peke yake hakufaa. Na bila kipa yule sikuwa na timu.

Nikaandika kumi na tisa.

Sikuwaza hata dakika moja. Kila kocha ninayemjua amewahi kumpunguzia mchezaji miaka ili abaki na wadogo. Mimi nilimwongezea ili aende na wakubwa, nikaona hata ni dhambi ndogo zaidi. Kipa aliposoma kwenye valve alicheka.

“Kocha, umenizalisha upya. Miaka mitatu kwa siku moja. Sasa uniongezee na bibi.”

“Bibi wa kuoa utatafuta mwenyewe. Wewe daka mpira.”

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi orodha haikuwepo. Kwenye valve zilibaki pini nne na pembe moja ya karatasi. Nikajua ni wapinzani. Hakukuwa na kingine cha kufikiri, maana kila mara orodha ikitoweka ni wao, wameichukua kwenda kumtafuta bibi kizee wa kumhoji. Nilicheka peke yangu pale mbele ya ukuta. Nikarudi chumba cha mipira, nikaandika orodha nyingine kwa biki nyekundu, kwa herufi kubwa zaidi, ili wasiseme tunaficha. Na ili kuwafunga mdomo kabisa, mbele ya kila avenyu nikaongeza jina la mwenye parseli, yaani kiwanja chenye nyumba.

Jumatatu na hiyo ilikuwa imeondoka.

Jumanne wanajeshi walichukua wavulana saba wa kwenda kupigana msituni. Wengine waliwatoa majumbani. Kipa walimkuta kwenye kivuko cha mto. Mama yake, aliyekuwa akikaa naye komini ya Mikelenge pamoja na baba yake mgonjwa, alikuwa amemtuma avuke kwenda Alunguli kwa mjomba akalete mihogo, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na kitu.

Aliyenieleza ni mwenye mtumbwi, mtu niliyezoeana naye kwa kuvushwa kila siku. Alinivuta nyuma ya magunia.

“Kocha, wale watu walikuwa na karatasi. Ya wino mwekundu.”

Nikageuka kuona kama kuna anayesikia.

“Niliona maandishi yako. Binti yangu uko naye kwenye voliboli, mimi najua tisa yako ile ya mukia. Walisoma jina la mutoto, na yeye akanyanyua mukono. Akaitika prezan. Kama vile darasani.”

“Hakukimbia?”

“Angekimbia juu ya nini? Walimwita kwa jina. Halafu njo akawaambia iko na kumi na sita. Wakamwonyesha karatasi.”

Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe. Nikisoma orodha, mtu ananyanyua mkono na kuitika, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine.

Nilimweleza Prefe siku hiyo hiyo. Alivua koti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akaliweka mezani.

“Ukisema, wazazi watatoa watoto wote waliobaki. Na wale wenye bunduki watauliza nani anasema. Nyamaza, Kocha. Vita vikiisha tutasema wote wawili.”

Ulikuwa ushauri wa mtu mwenye watoto mia mbili wa kulinda. Mimi niliupokea kwa sababu ulinifaa. Prefe alifariki kabla vita havijaisha, kwa homa, nami nikabaki na ahadi ya watu wawili.

Orodha niliacha kubandika. Daftari nililonakilia zile orodha mbili nililiweka chini kabisa ya sanduku la mipira, na kila nilipobadilisha sanduku nililihamisha.

Wawili kati ya wale saba walirudi baada ya miezi mingi. Walisema kipa aliuawa kwenye daraja fulani msituni. Hakuna mwili uliorudi. Kila familia ilikuwa imeshajitengenezea sababu yake. Mmoja alichukuliwa kwa kuwa alikuwa akisikiliza redio. Mwingine kwa kuwa alivaa buti. Kuhusu kipa, sababu ilipatikana siku ya matanga, uani kwa baba zake. Baba mzazi alikuwa amefariki wiki chache kabla, kwa hiyo aliyesema ni kaka mkubwa wa huyo baba, fundi cherehani. Aliuliza mbele ya watu wote:

“Nani alimtuma mutoto kwenye maji siku ile?”

Mama akasema, “Miye.”

Hakutaja njaa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wageni wa heshima, mwalimu wa marehemu, na sahani ya wali mapajani. Niliendelea kula. Naukumbuka wali ule, ulikuwa na mafuta mengi ya mawese, katika mji usio na chakula. Walijinyima ili tule.

Siku arobaini zilipopita walimwondoa mama yule nyumbani. Alivuka mto na binti yake mdogo mgongoni kwenda kwa kaka yake Alunguli, na tangu hapo hakuvuka tena. Mwenye mtumbwi aliniambia kwamba hata akiugua anatibiwa upande ule ule.

Amani ilipokuja niliondoka Kindu. Watu wakimwona mtu anayehamahama hudhani kuna kitu anatafuta. Nilikaa Kampene mwaka na nusu nikinunua na kuuza majembe, nikakaa Kalima nikifundisha watoto voliboli kwenye uwanja ule ule wa klabu, sasa bila wavu. Nilirudi, nikaondoka, nikarudi. Koleji ilinipokea kila mara kwa sababu haikumpata mtu mwingine wa michezo mitano. Mara ya tatu walinipa muhuri na cheo: direktere wa michezo. Nilishinda vikombe. Vipo kwenye kabati la prefe wa sasa, vingine vimepinda.

Na yule binti aliyebebwa mgongoni akafika darasa la kwanza la sekondari. Baba zake walimdai alipofikisha miaka sita, akalelewa Mikelenge kwa fundi cherehani. Kila Jumapili alivuka kumtembelea mama yake. Nilimwona siku ya kwanza akiudaka mpira wa basketi kwa mkono mmoja, nikatoka uwanjani nikasimama nyuma ya choo.

Nilimfundisha kila nilichokijua. Sitasema nilifanya hivyo kwa kulipa, maana alikuwa mchezaji mzuri hata kama angezaliwa nyumba nyingine. Alikwenda kusomea elimu ya viungo mji mwingine, akarudi na diplome ile ambayo mimi sikuwa nayo, wakampa kazi ya kuwa msaidizi wangu. Aliniita Papa Kocha na kunicheka Kifaransa changu.

“Papa Kocha, mwamuzi si arbitri, ni arbitre.”

“Linaanza na A. Kamusi yangu haikuwa na A.”

Mwaka jana alipata mchumba, mwalimu wa hesabu. Kwetu, siku familia ya mume inapoleta vitu, kuna kitenge cha mama. Hutolewa mbele ya watu wote, mama wa binti anasimama, anafunikwa nacho mabegani, wanawake wanapiga vigelegele. Ndiyo shukrani ya mimba na kulea. Binti alinikuta nikipiga mpira upepo, akakaa juu ya sanduku, lile lenye daftari.

“Papa Kocha, baba mukubwa anasema kitenge itapokewa na shangazi. Mama haitwi hata kuja.”

“Kwa sababu gani?”

“Unajua sababu.” Akauchukua mpira mikononi mwangu. “Mama ameniambia niache, nisigombane. Lakini miye siwezi kusimama pale na kumwona shangazi amefunikwa. Wewe wanakuheshimu. Wanasema kaka yangu alikuwa salama kwako. Uende uwaambie.”

Nilisema nitakwenda. Nilikuwa natazama kufuli la sanduku kati ya miguu yake.

Fundi cherehani ni mzee sasa, lakini bado anashona barazani kwake kwa mashine ya kukanyaga. Asipotaka kusikia jambo, anakanyaga. Alinikaribisha, akaona kifungo cha koti langu kinaning'inia, akaniambia nivue. Akaanza kukishona kwa mkono.

“Umekuya kwa ajili ya kitenge.”

“Ndiyo, Mzee. Mama ni mama.”

“Mama njo ule anayezaa na kulinda. Yeye alizaa.”

“Alimtuma akalete chakula. Sisi wote tulikuwa na njaa.”

“Njaa tulikuwa nayo wote, na wengine walilala nayo ndani ya nyumba.” Aliukata uzi kwa meno. “Wewe ulikuwepo, Kocha. Mutoto alikuwa uwanjani kwako kila siku, vita iko hapa, na hakupata hata kidonda. Siku moja mama yake anamutuma, basi. Sasa uniambie wewe mwenyewe. Nani alimpoteza?”

Aliniuliza kweli, si kwa kejeli. Alinitazama akisubiri, na koti langu mkononi mwake. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa mdomoni miaka zaidi ya ishirini na lilikuwa la neno moja.

“Ni vita, Mzee,” nikasema.

“Njo vile wanasema watu wote.” Akanirudishia koti. Akakanyaga mashine.

Nilitembea mpaka kivukoni kifungo kikiwa kimekazwa vizuri kifuani. Sikuamua kwenda Alunguli. Nilipanda tu mtumbwi kama nilivyozoea kupanda kila kinachoondoka. Lakini nilipofika katikati ya mto niligundua kwamba asubuhi ile, kabla ya kwenda kwa fundi, nilikuwa nimelitia daftari kwenye mfuko wa ndani wa koti. Lilikuwa pale wakati wote akishona.

Nilimkuta mama kwenye bustani yake akivuna lengalenga, mchicha wa kwetu, na kuzifunga mafungu kwa nyuzi za mgomba. Ni mwanamke mwembamba, asiyeongea haraka.

“Karibu, Kocha. Umekuya kuniambia wamekataa.”

“Wamekataa.”

“Nilimwambia ule mutoto aache. Anapenda kushindana. Njo wewe umemfundisha.” Karibu acheke.

Nikamweleza. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na valve, pini nne na pembe ya karatasi. Nikasema kuhusu sharti la miaka, kuhusu biki nyekundu, kuhusu majina ya wenye parseli, kuhusu mkono alioinua mwanawe. Aliendelea kufunga mafungu. Nilipomaliza alikuwa na fungu moja mkononi ambalo alilifunga na kulifungua.

“Uliandika na mukono yako?”

“Na mkono wangu, Mama.”

“Miaka ngapi?”

“Kumi na tisa.”

“Ile kumi na tisa hakuiona.” Aliliweka fungu chini. “Na nyumba yetu ilikuwa kwenye karatasi?”

“Ilikuwepo. Ya saba.”

“Kwa hiyo hata angebaki ndani.”

“Hata angebaki ndani.”

Jirani alipita, akatusalimu, mama akamjibu vizuri. Kisha akasema, bila kunitazama:

“Miaka yote hii nimekuwa nafua siku moja. Ningemtuma baadaye. Ningeenda mwenyewe. Ningechemsha majani tu tukalala. Ninafua, ninaanika, kesho iko na doa tena. Na kumbe nguo haikuwa yangu.”

“Mama, naomba—”

“Usiniombe kitu hapa. Hapa iko lengalenga tu, nani atasikia? Wewe ulikuwa kwenye matanga. Ulikula. Utasema pale pale ulipokula.” Alisimama, akafuta mikono kwenye nguo. “Niko nabadilisha kitambaa, halafu unanivusha.”

Mwenye mtumbwi ni yule yule, sasa ana mota nyuma na mguu mbovu. Alipomwona mama akishuka ukingoni aliizima mota, akaiwasha, akaizima tena. Tulipofika ng'ambo mama hakupanda juu mara moja.

“Alisimama wapi?”

Mwenye mtumbwi alinitazama. Kisha akaonyesha kwa kidevu mahali ambapo siku hizi vijana wa pikipiki husubiri abiria. Mama alikwenda akasimama pale katikati ya pikipiki. Kijana mmoja akamwambia, “Mama, twende? Mikelenge?” Akamjibu, “Natembea, mwanangu.”

Uani kwa fundi walikuwepo ndugu zake wawili, shangazi, na binti aliyekuwa amerudi kutoka koleji. Sikuwa nimemwambia yeye kwanza. Huo nao ni uoga, nimeuhesabu pamoja na mingine. Mama alisimama karibu na lango, hakukaribishwa kuketi na hakuomba. Nikatoa daftari. Nilisoma orodha ile ya pili yote, majina saba na wengine, kwa sauti ile niliyotumia uwanjani kwa sababu sina nyingine ya kusomea majina. Nilipofika kwa kipa nikasoma miaka niliyomwandikia, kisha nikasema miaka yake ya kweli, kisha nikasema karatasi ilikwenda wapi.

Fundi alikanyaga mashine mara moja. Haikuwa na kitambaa ndani, sindano ikashona hewa. Akaacha.

“Na asubuhi hii nimekushonea kifungo,” akasema.

“Ndiyo, Mzee.”

“Na wali wetu ulikula.”

“Niliula.”

Ndugu mdogo alisimama, nikadhani atanipiga, na nadhani ningefarijika. Alipita mbele yangu akatoka nje ya lango. Shangazi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, “Sasa kitenge iko ya nani?” Fundi aliivua shingoni ile tepu yake ya kupimia, akamkabidhi dada yake, akaonyesha kwa mkono upande wa lango.

Shangazi alimwendea mama na tepu. Mama hakunyanyua mikono. Alimwacha asimame pale mbele yake, tepu ikining'inia, muda wa kutosha watu wote waone. Halafu akanyanyua.

Binti hakunitazama. Nilipokuwa natoka alisema maneno mawili.

“Daftari, tafadhali.”

Nikampa. Jumatatu alikuja kwenye chumba cha mipira akanyoosha mkono, nikampa na funguo. Nilikuwa nimebakiza muhula mmoja kustaafu, hakuna aliyeniuliza kwa nini sikuumaliza. Siku ya kitenge sikualikwa. Mwenye mtumbwi alinieleza kwamba mama alivuka asubuhi na mapema, akasimama alipoitwa, akafunikwa, na vigelegele vilichelewa kidogo kuanza lakini vilipoanza vilidumu.

Kabla sijaondoka Kindu nilipita koleji siku ya Ijumaa. Saa sita na dakika chache binti alitoka na karatasi yake, akaibandika kwenye valve, akarudi ndani bila kuniona, au akiwa ameniona. Nikasogea. Ilikuwa timu ya basketi ya wasichana. Hakukuwa na jina, wala mwaka, wala avenyu. Kulikuwa na namba za jezi tu, kuanzia nne mpaka kumi na tano, na saa ya mechi. Kocha wa upande wa pili alikuwa pale na kalamu yake, amekasirika.

“Sasa miye nitamhoji nani?”

“Njoo uwanjani uwahesabu,” msichana mmoja akamwambia, na wenzake wakacheka.

Mama aliniambia neno moja zaidi, siku ile niliyosoma daftari, tukirudi mtoni. Alisema: “Iko wengine sita. Wale wawili walirudi, lakini mama zao pia waliteseka. Kila mmoja iko na siku yake anafua.” Hakuniambia niende. Aliketi kwenye mtumbwi akatazama Alunguli.

Nimekwishaingia parseli tatu. Kwenye moja walinisikiliza, kwenye nyingine walinifukuza kabla sijamaliza, kwenye ya tatu baba alisema alishajua tangu zamani na alikuwa akisubiri kuona kama nitakufa bila kusema. Ninaandika haya Kalima, mtaa wa pili kutoka nyumba tuliyokuwa tukikaa nilipoacha shule. Ya nne iko hapa, nyuma ya uwanja wa klabu. Mama yake alihamia huku baada ya vita. Mwanawe alikuwa mchezaji wa kiungo, mita moja na sabini na nne, na mama anaamini walimchukua kwa sababu ya redio. Mtu wa duka ameniambia kwamba tangu siku ile haruhusu redio ndani ya nyumba. Jana na leo nimepita mbele ya lango lake. Kesho asubuhi nitapiga hodi.